Mshahara Umeingia na Kazi Ulishaacha: Namna ya Kuurudisha Bila Kujiumiza

Uliacha kazi tarehe 30 Juni. Ulikabidhi funguo na kompyuta, ukaagana na wenzako. Tarehe 27 Julai simu inalia: mshahara umeingia, kamili, kana kwamba bado uko kazini. Hapo maswali huwa ni yaleyale. Hii hela ni yangu? Nikikaa kimya watajua? Nikiitumia nitashtakiwa? Nirudishe kiasi gani, na nimrudishie nani?

Jibu fupi ni hili: kama hukuifanyia kazi na si sehemu ya stahiki zako, si yako. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 72, inamtaka aliyelipwa fedha kwa makosa azirudishe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kumrudishisha mfanyakazi mshahara wake, isipokuwa pale ulipozidi kwa makosa ya hesabu. Kwa hiyo deni lipo, ila lina mpaka: ni kile kilichozidi, basi. Wanaoumia zaidi si wale wanaokataa kurudisha. Ni watu waaminifu wanaorudisha mbiombio, bila karatasi, kwa mtu asiyehusika, au kwa kiasi kikubwa kuliko walichopokea.

Mwongozo huu ni wa ajira za Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya 2005, na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF. Hatua za kuandika na kulipa zinafaa kote, lakini ukiwa Zanzibar usinukuu vifungu vya Bara kwenye barua yako.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Taarifa ya benki ya miezi mitatu ya mwisho, yenye mhuri ikiwezekana. Kama ulilipwa kwa simu, chukua taarifa ya miamala kutoka kwa mtandao wako wa simu.
- Hati za mshahara za miezi miwili au mitatu ya mwisho, zinazoonyesha mshahara ghafi (kabla ya makato) na makato yote.
- Mkataba wa ajira.
- Barua yako ya kuacha kazi, au barua ya kuachishwa, pamoja na uthibitisho wa siku iliyopokelewa.
- Fomu ya makabidhiano iliyosainiwa.
- Rekodi ya likizo: siku ulizochukua na siku zilizobaki.
- Anwani ya barua pepe ya ofisi ya rasilimali watu na ya mhasibu, zile za kikazi, si za binafsi.

Kama huna hati ya mshahara, usisubiri hadi uipate. Anza na taarifa ya benki, nyingine utaziomba kwenye barua.

Hatua ya 1: Itenge hela hiyo leo

Usiitumie, hata kidogo, hata kama unajua utairudisha mwisho wa mwezi. Ihamishie kwenye akaunti nyingine iliyo kwa jina lako, au iache ilipo na uandike kiasi chake mahali utakapopaona kila siku. Kuhamishia kwenye akaunti ya mke, mume au ndugu ni kosa: baadaye itaonekana kama ulikuwa unaificha. Kuitumia huku ukijua si yako ndiko kunakoweza kugeuza deni la kawaida kuwa shauri la polisi.

Kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, kagua haraka. Mifumo ya benki haijui kwamba umeacha kazi. Mshahara ukiingia, rejesho la mkopo linakatwa palepale. Tuseme umelipwa Sh. 645,600 na benki ikakata Sh. 210,000: utakachokiona ni Sh. 435,600, lakini deni lako kwa mwajiri bado ni 645,600, kwa sababu ile 210,000 imelipia mkopo wako mwenyewe. Pengo hilo ndilo linalowashtua watu siku ya kurudisha, kwa hiyo lijue mapema.

Hatua ya 2: Hakikisha kweli ni makosa

Si kila hela inayoingia baada ya kuondoka ni makosa. Kabla ya kuandika barua, pitia uwezekano huu:

1. Ni mshahara wa mwezi uliofanya kazi, umechelewa tu.
2. Ni malipo ya likizo ambayo hukuichukua.
3. Ni malipo badala ya notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria baada ya mwezi wa kwanza wa kazi si chini ya siku 28. Mwajiri akikwambia usije kazini katika kipindi hicho, siku hizo anazilipa.
4. Ni kiinua mgongo, kama ni mwajiri aliyesitisha ajira na ulishatimiza miezi 12: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10.
5. Ni malimbikizo: nyongeza iliyocheleweshwa, saa za ziada, posho ya safari.

Dalili kubwa ya makosa ni kiasi kulingana kabisa, hadi shilingi, na mshahara wako wa kawaida wa mkononi. Stahiki za mwisho karibu kila mara huja na tarakimu zisizozoeleka.

Sababu ya makosa yenyewe huwa ya kawaida sana. Ofisi nyingi hufunga orodha ya mishahara siku kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi. Barua yako ikimfikia mhasibu orodha ikiwa imeshafungwa, jina lako linabaki humo. Mahali pengine rasilimali watu wanajua umeondoka, mhasibu hajaambiwa. Usianze kwa kudhani kwamba kuna mtego.

Hatua ya 3: Piga hesabu yako mwenyewe kabla ya kupewa ya kwao

Chukua mfano wa mshahara wa msingi wa Sh. 780,000, wiki ya kazi ya siku sita, mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, bila mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HESLB).

- NSSF, asilimia 10: 78,000
- Kinachobaki kutozwa kodi: 702,000
- Kodi ya mshahara (PAYE): 20,000, jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, yaani 36,400. Jumla 56,400
- Mshahara wa mkononi: 645,600

*Hali ya kwanza: umelipwa mwezi mzima ambao hukufanya kazi kabisa.* Kilichokufikia ni 645,600, na hicho ndicho cha kurudisha. Ile 78,000 na 56,400 hazikupita mikononi mwako. Mwajiri ndiye mwenye njia ya kuzirekebisha kwa NSSF na Mamlaka ya Mapato (TRA).

*Hali ya pili: uliondoka katikati ya mwezi, ukalipwa mwezi mzima.* Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Jedwali la kwanza la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa siku unazofanya kazi kwa wiki. Kwa siku sita, hiyo ni 26. Kwa siku tano ni kama 21.67. Basi 780,000 kugawa kwa 26 ni 30,000 kwa siku.

Ulifanya kazi siku 10. Ulichostahili ni 300,000 ghafi. Toa NSSF 30,000, inabaki 270,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kipato cha mwezi kisichozidi 270,000 hakitozwi PAYE. Kwa hiyo ulistahili 270,000 mkononi. Ulipokea 645,600. Cha kurudisha ni 375,600.

Njia ya mkato inayotumika mara nyingi ni kuchukua mshahara wa mkononi, kuugawa kwa 26 na kuzidisha kwa siku 16 ambazo hukufanya kazi. Hiyo inatoa 397,292. Tofauti ni Sh. 21,692, na inatoka mfukoni mwako. Chanzo chake ni kodi: mshahara mdogo unakatwa kodi kwa kiwango cha chini zaidi, kwa hiyo kila siku uliyofanya kazi ina thamani kubwa kuliko sehemu moja ya ishirini na sita ya mshahara wa mkononi. Daima anza na ghafi, kisha kata upya.

Kama unakatwa mkopo wa bodi, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kumbuka kuiingiza: kwa 780,000 ni 117,000. Nayo haikufika kwako, ila imepunguza deni lako la HESLB. Iandike kwenye barua waziwazi, wakubaliane nawe namna ya kuirekebisha.

Hatua ya 4: Andika, usipige simu tu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Unaweza kupiga simu kuwajulisha, lakini siku hiyohiyo fuatisha barua pepe kwa rasilimali watu na mhasibu kwa pamoja. Kama ofisi haitumii barua pepe, peleka barua mbili: moja wabaki nayo, nyingine wakugongee mhuri wa kupokea wenye tarehe.

Maneno yanaweza kuwa haya:

> Yah: Malipo yaliyoingia kwenye akaunti yangu tarehe 27 Julai
>
> Ajira yangu ilikoma tarehe 30 Juni. Tarehe 27 Julai akaunti yangu imepokea Sh. 645,600 kutoka kwenu, muamala namba ………. Kwa ufahamu wangu sikustahili mshahara wa Julai, na fedha hiyo nimeitenga.
>
> Naomba mnijibu kwa maandishi: kama malipo haya ni makosa, kiasi kinachotakiwa kurudi pamoja na hesabu yake, jina la akaunti ya kampuni, benki na namba ya akaunti ya kurudishia, na kama jina langu limeondolewa kwenye orodha ya mishahara. Naomba pia hesabu ya siku 12 za likizo ambazo sikuchukua.

Usiandike "nakiri kuchukua" wala "naomba radhi kwa kosa langu". Hukuchukua kitu, uliletewa. Usiahidi tarehe ya kulipa kabla hujaona hesabu yao.

Haraka ina faida hapa. PAYE ya mwezi hupelekwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ukitoa taarifa kabla ya hapo, mhasibu anaweza kurekebisha ritani (taarifa ya kodi ya mwezi) kabla haijatoka. Ukingoja hadi Septemba, atalazimika kufuatilia marekebisho, na hapo ndipo hamu ya kukudai wewe mshahara ghafi inapoanza.

Hatua ya 5: Kubalianeni hesabu, pamoja na stahiki zako

Katika mfano wetu siku 12 za likizo ni 360,000 ghafi. Mwajiri anaweza kupendekeza mkatane: atoe anachokudai kwenye anachokulipa. Ni jambo linalowezekana, lakini liwe kwa makubaliano ya maandishi. Mwajiri hana ruhusa ya kukata deni kwenye malipo yako kwa uamuzi wake peke yake, kama hakuna sheria, amri ya mahakama, tuzo ya mwamuzi wa mgogoro au ridhaa yako iliyoandikwa.

Ushauri wetu ni kudai karatasi mbili hata kama fedha itahamishwa mara moja: hati ya stahiki yenye makato yake, na hesabu ya kilichozidi. Takwimu moja tu iliyokwisha kukatanwa inaficha makosa ya pande zote.

Hati ya utumishi haiingii kwenye mapatano haya. Ni haki yako ajira inapokoma, na mwajiri hapaswi kuishikilia kama dhamana ya deni.

Hatua ya 6: Rudisha kwa njia inayoacha alama

Watanzania wote tunaijua ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii". Matapeli wa mishahara hutumia mtindo uleule, ila wao hujiita wahasibu. Kwa hiyo:

1. Kagua kwanza kama benki haijairudisha fedha yenyewe kwa ombi la mwajiri. Kuna waliolipa mara mbili.
2. Lipa kwenye akaunti yenye jina la kampuni tu. Jina la mtu, hata awe meneja, hapana. Fedha taslimu mkononi, hapana.
3. Namba ya akaunti ikija kwa barua pepe, ithibitishe kwa kupiga simu ya ofisi unayoijua tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua pepe hiyohiyo.
4. Kwenye sehemu ya maelezo andika jina lako na "marejesho ya mshahara wa Julai".
5. Gharama za kuhamisha zijadili kabla. Makosa si yako, na kuomba mwajiri azibebe si utovu wa adabu.

Kama ulikuwa mtumishi wa umma, utaratibu ni tofauti kidogo. Anza na afisa utumishi wa taasisi au halmashauri yako, ukitaja cheki namba yako (namba yako ya utumishi), na omba upewe kontroo namba, yaani namba ya kulipia serikalini. Fedha ya serikali hairudishwi kwa kumpa afisa wala kwa kuiweka kwenye akaunti ya idara uliyoandikiwa kwenye kijikaratasi. Bila kontroo namba, malipo yako hayaonekani mahali popote, na jina lako linaweza kuendelea kuorodheshwa kwenye hoja za ukaguzi kama aliyelipwa mshahara asiostahili. Tangu uhakiki wa watumishi hewa wa mwaka 2016 jambo hili linaangaliwa kwa ukali, hivyo ishike risiti hiyo kama unavyoshika cheti cha shule.

Hatua ya 7: Funga jalada

Omba barua fupi inayosema: kiasi kilichopokelewa, tarehe, na kwamba hudaiwi kitu kuhusu mshahara huo. Stakabadhi ya benki inaonyesha umelipa, haionyeshi kwamba deni limekwisha.

Baada ya mwezi au miwili omba taarifa ya michango yako NSSF uone kama mwezi usiofanyia kazi bado unaonekana. Kagua pia akaunti yako mwisho wa mwezi unaofuata. Mfumo usiporekebishwa, mshahara unarudi tena.

Mambo yakikwama

*Hela nimeshaitumia.* Toa taarifa hata hivyo, na pendekeza awamu zenye tarehe na kiasi unachokiweza. Kwa 645,600, awamu sita za 107,600 ni pendekezo la heshima kama kazi mpya imeanza. Kama bado huna kazi, sema hivyo na omba kuanza baadaye. Usisaini ahadi ya kulipa yote kwa mkupuo kwa sababu tu umetishwa.

*Wanadai mshahara ghafi wote.* Waulize kwa maandishi wewe ulipokea kiasi gani, na wao wamefuatilia vipi marekebisho ya PAYE na NSSF. Ukikuta mchango wa 78,000 umebaki kwenye akaunti yako ya NSSF, waelekeze huko waufuatilie. Usiutoe mfukoni.

*Wamekata kwenye stahiki zangu bila kuniuliza.* Dai hesabu kwa maandishi. Wasipojibu, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1. Muda ni siku 60 kwa madai ya aina hii. Kama pia unapinga kuachishwa kwenyewe, ni siku 30 tu. Siku hizi hupita haraka mkiwa bado kwenye "tutakupigia".

*Hawajibu kabisa.* Tuma ukumbusho baada ya siku 14, kisha mwingine baada ya siku 30, na hifadhi zote. Kimya chao hakiifanyi hela kuwa yako. Iache imetengwa.

*Wanatishia kuniitia polisi.* Wajibu kwa utulivu, ukiambatisha barua yako ya kwanza na tarehe yake. Mtu aliyetoa taarifa mwenyewe, akatenga fedha na kuomba akaunti ya kurudishia, ana ushahidi mzuri kwamba hakukusudia kuiba. Wito wa polisi ukija kweli, nenda, na uende na karatasi zako pamoja na wakili au kiongozi wa chama cha wafanyakazi.

*Mwajiri wa zamani amemwandikia mwajiri mpya anikate.* Mwajiri mpya hana deni lolote hapo. Bila ridhaa yako ya maandishi au amri halali, hana msingi wa kukukata. Mpe nakala ya mawasiliano yako, ili asisikie upande mmoja tu.

*Mshahara umeingia tena mwezi wa pili.* Andika barua mpya, usiunganishe na ya kwanza, kila muamala na namba yake. Mara hii nakala impelekee mkurugenzi, kwa sababu ni wazi ujumbe haufiki kwenye meza ya anayeandaa orodha ya malipo.